Kaakaa la Nairobi

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Wenye adabu zao husema haisitiri maungo, na mwalimu akiwa karibu ni vyema kusema hivyo; lakini aliyewahi kuinama akiwa amevaa gauni la shoga yake anajua ni wapi hasa upepo ulipompiga. Maana ya methali si ngumu. Kitu kilichokatwa kwa kipimo cha mwenzako, hata kiwe kizuri namna gani, kwako kitabana hapa na kupwaya pale, na mwisho wake kitaanika kile kile ulichotaka kukificha. Wengi huisikia wakadhani ni habari ya nguo tu. Safiyo wa Garissa naye alidhani hivyo, mpaka siku alipoazima kaakaa.

Safiyo alikuwa mke wa kwanza wa Bishar, mfanyabiashara wa ngamia na mbuzi aliyejulikana soko zima la mifugo. Alikuwa mwanamke wa haja: mrefu, mkono wake mwepesi wa kazi, na vibuyu vyake vya maziwa vilifukizwa moshi vizuri hata majirani walikuja kunusa kabla ya kuonja. Tena alikuwa na meno meupe, yaliyoshikana kama waumini katika safu ya sala, bega kwa bega, bila nafasi ya shetani kupita. Kwingine angeimbiwa. Lakini kwa watu wa kule uzuri wa kinywa ni mwanya, ambao wao wenyewe huuita fanah, na mwanamke asiye nao husifiwa upishi wake.

Safiyo alisifiwa upishi kwa miaka mingi, akaridhika. Kisha Bishar akaenda Eldas kununua ngamia, akarudi na ngamia pamoja na habari za msichana aliyemwona akicheka kisimani. Ngamia wale waliuzwa wakaisha, kicheko kikabaki. Haukupita muda msichana huyo, Yurub, akaletwa Garissa kuwa mke wa pili, na mwanya wake ukaingia mlangoni kabla ya miguu yake. Akajengewa nyumba ng'ambo ya ua, mkabala na ya Safiyo. Alimheshimu mwenzake, akamwita abayo, yaani dada. Hilo lilimuudhi Safiyo zaidi, kwa kuwa mtu akikuheshimu hukunyima sababu ya kumchukia, ukalazimika kuitafuta mwenyewe.

Yurub akajifungua mtoto wa kike, Weris. Mtoto alizaliwa mdomo wa juu umepasuka hadi puani, na kaakaa limeachana. Watu wa kule humwita mtu kwa alama aliyopewa na Mola wake, bila kuuma maneno: mwenye chongo huitwa Chongo, kilema huitwa Kilema, na mwenye mdomo uliopasuka huitwa Farur. Basi hata kabla ya siku saba za aqiqa, mtaa mzima ulikuwa umeshamwita mtoto Faruryo. Safiyo alikwenda kumwona mzazi, akapika uji, akafua nguo, akafanya yote yampasayo mke mkubwa. Aliporudi kwake na shoga yake Rukiyo, muuza maziwa wa mtaa ule, akashindwa kujizuia. "Mama ana mwanya wa meno," alisema, "mwana kapata wa mdomo. Huko ndiko kurithi na kuzidisha."

Rukiyo alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Alipouza maziwa siku ile, aliuza na maneno yale.

Weris alishonwa mdomo akiwa mchanga, na baadaye kaakaa. Kovu likapona, likawa uzi mwembamba chini ya pua. Lakini makovu huvuta. Kadiri mtoto alivyokua, taya lake la juu lilijikunja ndani, hata meno ya juu yakawa yanaanguka nyuma ya yale ya chini, na kwenye ufizi likabaki pengo dogo lililokataa kuziba. Pengo hilo ndilo lililokuwa adui yake. Kila alipokunywa maziwa, tone lilipanda na kutokea puani. Na kule maziwa si kinywaji tu. Ndiyo salamu, ndiyo heshima, ndiyo undugu. Chombo kikizungushwa mbele ya wageni kila mtu hunywa na kumpa mwenzake. Weris alikuwa akikichukua, akienda nacho nyuma ya nyumba, akinywa ameziba pua kwa shungi. Hakuwahi kuomba viatu wala nguo ya Idd. Alichoomba ni kunywa maziwa mbele ya watu.

Katika mwaka wa tisini na sita, mtoto akiwa na umri wa miaka tisa, akaja Garissa Daktari Mutheu, mwanamke mfupi kutoka Nairobi, mtaalamu wa kupanga meno na kunyoosha mataya. Alimtazama Weris, akawaeleza wazazi wake kwa Kiswahili chepesi. Taya hili, alisema, limejibana. Madaktari wa upasuaji watakuja baada ya Idd ya kuchinja. Wanaweza kuchukua kipande cha mfupa nyongani mwake wakajaza pengo, na maziwa hayatapanda tena. "Lakini mfupa unataka nafasi. Kwanza tupanue taya. Wakija wasikute nafasi, hawatamgusa, na sijui msafara mwingine utakuja lini."

Bishar, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, aliuliza kama kweli mfupa wa binadamu hubanuka. Daktari akajibu kwamba wa mtoto hupanuka, ukibembelezwa.

Weris akang'atishwa donge baridi lililofanana na unga uliokandwa wa anjera, mkate mwembamba wa kule, likachukua umbo la kinywa chake. Akamtapikia daktari kwenye viatu. Kutokana na umbo lile kikatengenezwa kifaa cha plastiki ya rangi ya waridi, kilichomkaa kaakaani kama kiganja katika kiganja. Pembeni kilikuwa na kulabu za waya za kushika magego, na katikati parafujo ndogo. Pamoja nacho ulikuja ufunguo wa waya usiozidi kidole. Kila Jumatatu na Ijumaa Yurub aliingiza ufunguo kwenye tundu la parafujo, akausukuma kidogo tu kufuata mshale, na vipande viwili vya kifaa vikaachana kwa unene wa unyoya. Mtoto alikivua wakati wa chakula, akakiosha, akakirudisha. Daktari aliwaonya kwamba kikikaa nje, taya hurudi lilikotoka kama nyasi zilizokanyagwa. Nyumba nzima ikakiita kaakaa la Nairobi.

Hapo ndipo wivu wa Safiyo, uliokuwa umelala kama nyoka wa kiangazi, ulipopata mvua.

Kwa maana siku za ufunguo mtoto aliumwa kichwa na kushindwa kutafuna, na Bishar alikuwa haachi kumbembeleza. Alimletea ndizi za mashamba ya Tana zilizoiva hadi kudondoka, na ini laini la mbuzi. Kikombe cha kwanza cha maziwa ya ngamia, ambacho tangu zamani kilikuwa cha Safiyo, kikaanza kuvuka ua. Safiyo alikitazama kikipita kama mtu anayetazama jeneza la ndugu yake. Na Yurub aliufunga ule ufunguo kwenye uzi, akauvaa shingoni pamoja na hirizi yake, ukawa unang'aa kifuani kila alipoinama. Safiyo aliyaona yote hayo: uzi, chuma na mume aliyetulia kama kondoo. Akajiuliza kama ule ulikuwa ufunguo wa parafujo au wa Bishar.

Palikuwa na jambo jingine lililomkera. Kila Safiyo alipocheka au kupiga miayo, Weris alimkazia macho kinywani. Mtoto huyo huyo, aliyekuwa mpole kama mwanakondoo, alikuwa akiyatazama meno yake bila kupepesa. "Ananihesabia," Safiyo alimwambia Rukiyo. "Mama yake kamtuma aone kama yameanza kung'oka."

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, Weris alivua kifaa chake ili ale, akacheka kwa jambo alilosema baba yake. Bishar akaacha tonge hewani. Katika meno ya mbele ya binti yake, pale kwenye pengo, palikuwa pamefunguka nafasi.

"Wallahi," alisema, "angalieni. Mwanya wa marehemu mama yangu."

Akaita majirani waone. Wakaja, wakaona, wakasema mashallah. Yurub akacheka, mwanya wake ukaonekana, na sasa ikawa mianya miwili uani. Safiyo aliupitisha ulimi wake nyuma ya meno yake kutoka upande hadi upande, ukitafuta upenyo wowote wa kutoka. Haukupata. Lile neno alilolisema miaka ile kwa Rukiyo, la kurithi na kuzidisha, lilikuwa limezunguka mtaa, likarudi nyumbani kwake limevaa nguo mpya.

Rukiyo ndiye aliyeutia moto mafuta. Alidai kwamba Wazungu wamegundua mashine ya kutengeneza fanah, wakaificha kwa jina la ugonjwa ili isigombaniwe. Kwani kama ni dawa ya mdomo, aliuliza, mbona mdomo ulishonwa zamani? Safiyo akaona hoja haina tundu. Akamwita Weris, akampa tende, akamuuliza kwa sauti ya asali kaakaa lile linafanyaje kazi.

"Linauma, eddo," Weris alisema. Ndivyo watoto wa kule wanavyomwita mke mwenza wa mama. "Linauma mpaka machoni."

Safiyo akamtazama, akatikisa kichwa. Mtoto mdogo kiasi kile, na tayari amefundishwa uchoyo.

Siku chache kabla ya Idd hiyo, Bishar alikuwa njiani kutoka Eldas na ngamia wa kuuza, na habari zikaja kwamba anaongozana na wageni. Safiyo akajiona atakavyowapokea: ameketi kwenye mkeka kama desturi ya mke mkubwa, anatabasamu, na Bishar anaacha tonge hewani. Alihitaji mwanya kabla ya lori kufika. Wa mtoto ulichukua wiki nyingi. Lakini mtoto, alijiambia, ana mama mwoga anayesukuma ufunguo kama anayemtekenya mdudu.

Mchana ule Yurub alitundika ufunguo na hirizi kwenye msumari, akaingia kuoga. Weris alikuwa amevua kaakaa, amelitia kwenye kikombe cha bati chenye maji, kifuniko kando, anakula uji jikoni. Safiyo akavuka ua kwa hatua za mtu anayekwenda kuazima chumvi. Alirudi kwake na kikombe na ufunguo, akafunga mlango, akakaa mbele ya kioo.

Kwanza alitia kitu kile kinywani, kikaanguka kwenye ulimi. Kilikuwa kidogo, kinywa chake kilikuwa cha mtu mzima aliyelishwa vizuri. Angeweza kukisikiliza hapo kilipokuwa kikimwambia ukweli wote, lakini wivu hauna masikio. Akakishika mkononi, akaingiza ufunguo, akasukuma. Akasukuma tena. Kila mara vipande vikaachana zaidi, parafujo ikabaki uchi katikati kama mfupa wa kuku. Alipoona kimefika upana wa kinywa chake, akakisukuma juu kwa vidole gumba viwili. Kulabu zilisita, zikajipinda, kisha kwa mlio mdogo zikanasa nyuma ya magego.

Safiyo akatazama kioo akatabasamu. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wa Garissa.

Kisha maumivu yakaja. Yalianza kwenye magego, yakapanda kwenye mashavu, yakafika machoni, kule kule mtoto alikosema. Akavuta kifaa, hakikutoka. Akapapasa na ufunguo kutafuta tundu; ufunguo ukamchoma ulimi, ukamponyoka, ukaingia chini ya kitanda. Mate yakaanza kumjaa. Na katika hali hiyo akasikia honi ya lori mlangoni, na sauti ya Bishar ikimwita atoke apokee wageni.

Salamu za watu wa kule hazirushwi kama mawe. Ni kisima, hushuka ndoo kwa ndoo, na anayezikatisha ndiye mwenye kiu mbaya. Mgeni mkubwa, Mzee Ogle wa Eldas, alikuwa bingwa wa ndoo hizo. Safiyo alitoka amejifunika shungi hadi machoni, akakaa kwenye mkeka. Mzee Ogle akauliza kama kuna amani. Safiyo akajibu, "Mm." Akauliza mifugo, mvua, watoto, afya ya ua mzima, kila moja kwa utulivu wake, na kila moja ikapata mguno wake. Bishar akaanza kumtazama mkewe kwa jicho la pembeni.

"Na mama yako wa Bura?" Mzee Ogle aliuliza. "Tulisikia anaumwa. Amepata nafuu?"

"Mm," akasema Safiyo, na wakati huo huo kulabu moja ikamchoma ufizi, machozi yakamtoka yakalowesha shungi.

Mzee Ogle akashusha sauti. Alikuwa ameona wanawake wengi wakilia kimya. "Ametutoka?"

Safiyo akatikisa kichwa kwa nguvu kukanusha, na kutikisa kule ndiko kulikokuwa kosa, kwa kuwa kaakaa la Nairobi lilitikisika nalo. Akagumia, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Mzee Ogle, na mikono yote ikainuliwa. Bishar akapiga magoti. Alikuwa akimpenda mama mkwe wake. Yurub akaja mbio na nywele mbichi, akamkumbatia, akamwambia pole abayo, pole, mbona hukuniambia. Rukiyo, ambaye hakuwa mbali na ua huo saa yoyote, akaangua kilio kilichovuka mitaa, na majirani wakaanza kumiminika kuhani. Mtu mmoja alishauliza mbuzi wa kuchinja ni yupi.

Safiyo alivumilia mpaka waliposema marehemu aombewe kaburi lenye nafasi. Mwongo atavumilia mengi, lakini si kumzika mama yake mzima. Akavuta shungi, akafungua kinywa, akasema mama yangu yu hai, hajafa mtu. Ndivyo alivyokusudia kusema. Kilichotoka kilipitia puani, hakikuwa na herufi iliyosimama, kikaandamana na mate hadi kidevuni. Kila mtu wa nyumba ile aliijua sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya Weris kabla ya kushonwa kaakaa.

Mzee Ogle, ambaye njia nzima alikuwa amesimuliwa na Bishar habari za mtoto wake, akasogea na kumtazama Safiyo kwa huruma kubwa.

"Kumbe huyu ndiye Faruryo," alisema. "Bishar, hukuniambia kwamba ni mtu mzima."

Hakuna aliyethubutu kucheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Ndipo ikasikika sauti ndogo nyuma ya watu. Weris alikuwa amesimama na kifuniko cha kikombe mkononi. Alikuwa amelitafuta kaakaa lake uani kote, jikoni, hadi kwenye jivu. Sasa alikuwa amekiona kipande cha waridi kinywani mwa eddo.

Yurub akamwachilia mwenzake polepole, kama mtu anayeweka chini chombo alichogundua kuwa kina ufa. Ni Weris aliyesogea. Aliingia chumbani mwa Safiyo, akapekua hadi chini ya kitanda, akarudi na ufunguo. Akakaa kwenye mkeka, akapiga piga paja lake.

"Laza kichwa hapa, eddo. Pumua kwa pua, usimeze. Mimi pia siku ya kwanza niliogopa."

Mke mkubwa wa Bishar akalaza kichwa kwenye paja la mtoto, mbele ya wageni wa Eldas na mtaa mzima. Vidole vyembamba vikaingia kinywani, vikapata tundu, vikasukuma ufunguo kinyume cha mshale, tena na tena, bila haraka, na kila mara mtoto alimuuliza kama anaumia. Safiyo alimtazama akiwa chini. Weris alikuwa akiyatazama meno yake kwa ule ule mkazo wa macho wa siku zote, lakini kwa karibu hivi haukufanana na hesabu. Mwisho kulabu zikaachia. Kaakaa likatoka na mlio wa kijiti kikavu.

Lilikuwa limepasuka. Kipande kimoja kilining'inia kwenye parafujo, na kulabu zilikuwa zimepinda kama miguu ya panzi aliyekanyagwa. Weris alijaribu kulirudisha kinywani mwake. Halikukaa. Akajaribu tena, akiligeuza. Ndipo alipolia, bila sauti, macho yakiwa kwa wageni waliokuwa wamepewa chombo cha maziwa kukizungusha.

Yurub akakiokota kifaa, akakifunga kwenye kitambaa, akamwekea Safiyo mapajani. "Wewe ndiye utakayempeleka kwa daktari, abayo," alisema. "Umweleze mwenyewe. Mimi leo sina mdomo."

Wakaondoka kwa basi kwenda Nairobi, katika msafara wenye askari mbele na nyuma, kama ilivyokuwa desturi ya njia ile wakati huo. Mtoto alilala begani kwa Safiyo safari nzima. Daktari Mutheu alipofungua kitambaa, alikitazama kifaa kwa muda, kisha akamtazama Safiyo, ambaye shavu moja lilikuwa limevimba.

"Nani alikivaa?"

Safiyo akasema ni yeye. Akaeleza yote kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: mwanya, mashine ya fanah, mume, kikombe cha kwanza. Daktari hakucheka mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akavua miwani. Akamweleza kwamba ule haukuwa mwanya wa urembo. Ulikuwa njia tu, ya kupitishia mfupa. Mfupa ukishika, mwanya wenyewe utazibwa, meno yatasogezwa yakutane. Safiyo aliona kichwa kikizunguka. Alikuwa ameiba mlango akidhani ni nyumba.

Kisha daktari akapima taya la mtoto, na kicheko kikamwisha. Lilikuwa limeanza kurudi. Kifaa kipya kingetengenezwa, kazi ingeanza karibu upya, na madaktari wanaokuja baada ya Idd wangepita bila Weris. Weris alisikiliza, akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Daktari, kwa kumtuliza, akamuuliza mwisho wa yote haya angependa meno yake yaweje. Mtoto akamwinamia sikioni akanong'ona. Daktari akageuka akakitazama kinywa cha Safiyo kwa makini, akasema sawa, hilo linawezekana. Safiyo akafumba mdomo haraka, akijua kabisa kwamba amesengenywa, na kwamba safari hii anastahili.

Ufunguo mpya alipewa yeye. Yurub hakutaka kuushika. Alisema anayejua kupanua na apanue. Basi kila Jumatatu na Ijumaa Safiyo alivuka ua, akamlaza mtoto pajani, akausukuma ufunguo kwa unene wa unyoya. Ndizi alizisaga yeye. Ini alilipika yeye. Kikombe cha kwanza cha maziwa alikipeleka ng'ambo kwa mkono wake, na mkono haukuzoea upesi. Siku nyingine alikunywa funda moja njiani, kwa kuwa tabia haifi kwa siku moja. Siku za maumivu alikaa na mtoto, akamsimulia jinsi magego yake mwenyewe yalivyowaka moto siku ile, wakacheka wote wawili, Safiyo akiziba mdomo wake.

Msafara mwingine wa madaktari ulichelewa, lakini ulifika. Walikuta nafasi. Wakachukua mfupa nyongani, wakajaza pengo, likashika. Baadaye Daktari Mutheu akamfunga Weris nyaya ndogo za meno, akamfungua mwaka uliofuata.

Idd ile Mzee Ogle akaja tena na ngamia. Alimsalimu kila mtu kwa ndoo zake zote. Alipofika kwa Safiyo alimwita Safiyo Kaakaa, kama mji mzima ulivyokuwa ukimwita, kwa kuwa lakabu ni kama kupe: hamwachi ngamia huyu ila amekwisha kumpanda yule. Jina la Faruryo lilikuwa limesahauliwa. Chombo cha maziwa kikazungushwa, kikamfikia Weris. Yurub akaacha kupumua. Weris hakusimama kwenda nyuma ya nyumba. Akakiinua mbele ya wageni wote, akanywa funda refu, akakishusha. Pua ilikuwa kavu. Akampa chombo Safiyo, aliyeketi kando yake.

Weris akatabasamu, na Mzee Ogle akashangaa. Akauliza ule mwanya wa marehemu bibi mzaa baba, alioimbiwa na Bishar njia nzima miaka ile, umekwenda wapi. Meno sasa yamekutana bega kwa bega.

"Daktari aliniuliza nataka meno ya namna gani," alisema Weris. "Nikamwambia, kama ya eddo Safiyo. Tangu nikiwa mdogo nayatazama."

Safiyo akavuta shungi, akaziba kinywa, na machozi yakalilowesha kama siku ile. Safari hii nyuma ya shungi hapakuwa na kitu cha mtu, ila meno yake mwenyewe, yaliyokuwa yakisifiwa kimya kimya wakati yeye akihangaika kuiba pengo. Alipoweza kusema, aliomba chombo kirudi kwa mtoto anywe tena, naye akawageukia wanawake waliokuwa pembeni, Rukiyo akiwa wa mbele, akawaambia wenye masikio wasikie, nao wenye haya waseme maungo wakitaka: nguo ya kuazima haisitiri matako.